Wa Kuingia na wa Kutoka

Kocha Mkwachu alikuwa amefungwa mechi zote za msimu, hata mkewe akawa anamkana kwa majirani. Mkurugenzi wa soka wa klabu, Bwana Zahoro, akamwita.

"Usajili wote ni wangu. Kazi yako wewe ni kufungwa tu, na unaiweza."

"Hapo umesema kweli, bosi," Mkwachu akakubali. "Basi wewe chagua wa kuingia, mimi niachie wa kutoka."

"Chukua!" Zahoro akacheka, wakapeana mikono mbele ya viongozi.

Jioni Zahoro akaita waandishi sebuleni kwake, akamtambulisha mshambuliaji mpya: shemeji yake, kitambi kimetangulia. Akavishwa skafu, picha zikapigwa.

"Karibu sana klabuni," Mkwachu akampa mkono. "Na kwaheri. Wa kutoka nachagua mimi."

Huo ukawa ushindi wake wa kwanza msimu ule, tena ugenini.