Jina Moja Baada ya Fainali

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani ya juzijuzi ambayo hata wewe unayepiga miayo hapo ulikuwa umeshazaliwa, palikuwa na mchezaji wa mpira wa vinyoya jina lake Sikudhani, mzaliwa wa Tanga. Miaka tisa aliichezea nchi yake. Alicheza Nairobi, akacheza Lusaka, akacheza Cairo, na kote huko alicheza wawili wawili, yeye na Aikande wa Moshi. Sikudhani nyuma, Aikande mbele kwenye wavu. Kinyoya kikija katikati, anayewahi kuita "Yangu!" ndiye anayekipiga, na mwenzake anampisha. Hilo ndilo lilikuwa agano lao, na kwa miaka tisa halikuvunjwa hata mara moja.

Sasa tegeni masikio, utamu wenyewe uko hapa.

Wakaingia fainali ya Afrika Mashariki, Kampala, dhidi ya Wakenya wawili, Nafula na Cherop. Kombe ni la mabingwa wote wawili, hilo halina ugomvi. Lakini palikuwa na zawadi nyingine: nafasi ya mwaka mzima kambini Indonesia, kwa walimu wanaotengeneza mabingwa wa dunia. Nafasi moja, mtu mmoja! Na desturi ya mashindano yale ilikuwa hivi: mabingwa ndio wanaotaja jina, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, na wanaweza kumtaja yeyote kati ya wanne waliocheza fainali. Mabingwa wakitofautiana jina, nafasi imepotea.

Sikudhani aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukampaa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Asipokwenda sasa, haendi tena.

Seti ya kwanza, Watanzania. Seti ya pili, Wakenya. Seti ya tatu, jamani! Kumi kwa kumi. Kumi na tano kwa kumi na tano. Kumi na nane kwa kumi na nane, na ushindi uko kwenye ishirini na moja. Watu wamesimama juu ya viti, mwamuzi anaomba utulivu na hakuna anayemsikia. Kinyoya kikaja katikati.

"Yangu!" akaita Aikande.

Sikudhani alimsikia. Alimsikia vizuri kabisa. Lakini moyo ukamwambia, hiki ukikimaliza wewe, nani atabisha habari ya Indonesia? Akakifuata. Wakagongana, puu! Aikande chini, goti limepinda upande, kinyoya nacho chini. Kumi na tisa kwa kumi na nane, Wakenya mbele.

Daktari akaja na barafu, akatikisa kichwa. Na mchezo ule hauna mtu wa akiba: mmoja akishindwa kuendelea, wote wawili wametoka. Aikande akafuta machozi, akashika nguzo ya wavu, akajinyanyua.

"Dada Siku, kukimbia siwezi, ila kusimama naweza. Wewe cheza."

Akacheza! Sikudhani mbele, Sikudhani nyuma, Sikudhani kushoto, Sikudhani kulia. Uwanja wa watu wawili akaukimbia peke yake. Mara kinyoya kikamwendea Nafula, laini, chenyewe kinaomba kupigwa. Mbele ya Aikande pako wazi kabisa.

"Weka hapo kwa huyo ameumia!" Cherop akapiga kelele. "Pointi iko hapo!"

"Siwezi, bana," akasema Nafula, akakipeleka kwa Sikudhani.

Sikudhani akakikung'uta. Kumi na tisa kwa kumi na tisa! Nafula akapata tena mwanya uleule, na tena akakipeleka kwa Sikudhani. Ishirini kwa kumi na tisa! Cherop anacheza huku analia. Kisha kinyoya kikapita juu ya wavu, karibu na Aikande, na safari hii Sikudhani yuko mbali, hafiki. Aikande akaruka kwa mguu mmoja! Akakipigilia chini, naye akaanguka papo hapo. Ishirini na moja! Ukumbi mzima ukawa kelele tupu.

Msimamizi akaleta kipaza sauti. Sikudhani akamwinamia mwenzake.

"Ya mwisho ni yako, sikatai. Lakini mbili za kabla yake nimezikimbilia peke yangu, mapafu nusura yanitoke. Na mimi ni mwaka huu au basi."

"Na mimi ningeketi, ungekimbilia wapi?" akasema Aikande. "Goti langu limebaki pale sakafuni. Kule kambini kuna madaktari wa magoti. Nyumbani nitapewa barafu."

Nafula akaja kuwapa mkono. Hakuomba kitu. Ila Cherop, macho mekundu, hakunyamaza.

"Na huyu je? Angeweka pale mbele mara mbili tu, saa hii ni sisi tungekuwa tunaimba. Amepoteza kombe lake, akapoteza na langu. Sasa arudi kwao Bungoma mikono mitupu, kwa sababu ya roho nzuri?"

Msimamizi akatazama saa yake.

"Dada Siku, taja wewe," akasema Aikande. "Jina utakalotaja, nami nitataja hilohilo."

Furaha ikampanda Sikudhani mpaka kooni. Miaka tisa aliisubiri siku hii. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Hapo Aikande akamvuta mkono, akamnong'oneza:

"Ila ujue, nilipoita 'Yangu!' najua ulinisikia."

Kinywa cha Sikudhani kiko wazi, watu elfu mbili wanasubiri jina moja.

Haya, msinitazame mimi, mimi sikuwapo jukwaani. Aliyekimbia uwanja wa watu wawili, aliyeruka kwa mguu mmoja, na aliyekataa kumpiga aliyeumia: kipaza sauti kingekuwa mkononi mwako wewe, ungemtaja nani?