Kiapo cha Chama

Mheshimiwa Kabwere, mwenye kiwanda cha mkonge na mwenyekiti wa chama tawala wilayani, alimfukuza kazi Tunu baada ya mashine kumkata kidole. Kisha akamwita Bi Sijali, katibu wa chama cha wafanyakazi.

“Kesho watu wako waape kukitii chama.”

“Chama gani, baba?”

“Wewe mama! Chama ni chama!”

“Wataapa. Ila watanong’ona kwamba umewalazimisha. Ungeanza wewe?”

Kesho yake Mheshimiwa akashika msahafu jukwaani. “Wallahi, chama kikiamua, hata mimi natii!”

Umati ukashangilia. Bi Sijali akachukua kipaza sauti.

“Amina. Chama cha wafanyakazi kimeshaamua: Tunu arudi kazini leo.”

Mheshimiwa akautazama msahafu. Ulikuwa bado mkononi mwake.