Mpwa wa Kiondo Aliyetaka Kuitwa Bosi

Mtu mmoja alikuwa na bwawa dogo milimani, huko Upareni, na majirani wote wa chini yake walinyweshea mashamba yao maji ya bwawa hilo. Jina lake Kiondo. Hakuwahi kumnyima mtu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya zamu, na siku ikifika, mlango wa maji ulifunguliwa, basi.

Maradhi ya macho yalipomzidi, ikambidi aende hospitali ya mbali kwa matibabu ya muda mrefu. Akamwita mpwa wake, Senkoro, akamkabidhi ufunguo wa mlango wa maji. "Wagawie kama ninavyowagawia mimi," akamwambia, akaondoka.

Senkoro alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, na huko alipata neno moja la Kiingereza lililomkaa moyoni: bosi. Maana yake ni mkubwa wa kazi, si zaidi. Lakini Senkoro alikuwa ameona jinsi watu wazima walivyovua kofia wakilitamka, akalitamani. Mwanzoni aligawa maji vizuri. Baadaye akamwambia mzee mmoja aliyekuja kwa zamu yake, "Siku hizi ukifika hapa, sema shikamoo bosi." Mzee yule alikuwa na umri wa kumzaa. Akasema. Aliyemfuata naye akasema, na mwingine akaongeza kuinama, ingawa hakuna aliyemwagiza ainame.

Alikuwapo mjane, Namkunda, aliyemlea Senkoro tangu mama yake alipofariki. Siku yake ilipofika alikuja na jembe begani, akamwita Senkoro kwa jina, akamwuliza habari za asubuhi.

"Mama, hata wewe niite kama wenzako," Senkoro akasema. "Watu wanatusikia."

Namkunda akamjibu taratibu, "Mimi nilikuita mwanangu kabla hujajua kuitika. Hilo lingine sina mdomo wa kulisema."

Mlango wa maji haukufunguliwa. Na hapa, ndugu zangu, ndipo hasira yangu ilipo. Maji ya Namkunda hayakubaki bwawani. Senkoro aliwapa majirani, nao wakayapokea. Zamu baada ya zamu waliyapokea. Waliyaona maharage ya mjane yakinyauka ng'ambo ya tuta, wakaambiana, "Si angelisema tu? Neno moja lingempunguzia nini?" Hakuna aliyekwenda kumwuliza Senkoro yeye angepungukiwa nini kwa kuitwa jina alilopewa na wazazi wake. Mwanamke ndiye aliyeitwa mkaidi, na waliomwita hivyo walikuwa wamesimama kwenye tope la maji yake.

Kiondo aliporudi alikuta shamba la Namkunda limekauka na mlango wa nyumba umefungwa kwa kamba. Akaambiwa mama yule ameteremkia tambarare, analima kibarua katika mashamba ya watu, katika uzee ule. Kiondo hakungoja hata kupumzika. Alimnyang'anya Senkoro ufunguo mbele ya watu wote, akamfukuza. Majirani wakapiga vigelegele. Wakamzunguka Kiondo, kila mmoja akieleza jinsi bosi yule alivyowatesa, alivyowadhalilisha wazee, alivyomwonea mjane.

Kiondo akawasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akauliza, "Siku ya Namkunda, maji yalikwenda shamba la nani?"

Jioni ile Kiondo alishika njia ya tambarare peke yake kwenda kumtafuta, na hakuna aliyejitolea kumsindikiza.

Ninyi nanyi huja kwangu mkiwalalamikia wakubwa wenu, wa kazini, wa mtaani, hata wa humu kanisani. Nawasikia, na mengi mnayosema ni kweli. Lakini Senkoro tunajua alitaka kuitwa nani. Walioyapokea maji yale, tuwaiteje?