Mate ya Mbwa Mwingine

Nguruwe pori wa kijiji cha Likawage hawabishi hodi. Wanaingia shambani kabla ya jua, na mwenye mahindi yake huwafuata vichakani na mkuki mkononi, mbwa wake mbele. Huko, macho ya mbwa ndiyo uhai wa mtu. Abdulrahmani alilijua hilo kuliko wote, maana yeye ndiye aliyewauzia watu mbwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ushirika umekufa, kila kitu ruksa, na yeye, karani wa jana wa ghala la korosho, leo anaitwa mfanyabiashara. Abdulrahmani alikuwa na mbwa jike mmoja mwekundu ambaye watoto wake walikimbia kama mshale. Lakini wakitimiza mwaka wa pili huanza kugonga vigingi, na mwisho huwa vipofu kabisa. Abdulrahmani aliona. Akafunga mdomo, akaendelea kuuza.

Ndipo akaja Dokta Skolastika, mtaalamu wa mifugo aliyechunguza upofu ambao mbwa huurithi. Aliomba mate tu, ya mama na ya watoto, yakapimwe vinasaba.

"Tukijua ugonjwa unatoka kwa nani," alisema, "mtajua nani asizalishwe."

Abdulrahmani akapita nyumba kwa nyumba. "Mmesahau mwaka wa kichaa cha mbwa? Watu wa serikali walianza kwa kuandika majina ya mbwa, wakamaliza kwa risasi."

Hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimfaa mwongo. Watu wakawaficha vipofu wao. Ni Likwata peke yake, mkulima wa bonde la chini, aliyemleta wake, aliyemnunua kwa Abdulrahmani, akimwongoza kwa kamba.

"Likwata, siku hizi mbwa ndiye anayekufuata wewe mawindoni?" mmoja akamtania.

"Heri mimi ninayejua kwamba namwongoza kipofu," akajibu. "Nyinyi mnaongozwa naye."

Abdulrahmani naye akaleta jike mwekundu. Hakuwa wake. Alimwazima kutoka kijiji cha Rutamba, mbwa wa watu mwenye macho mazima.

"Huyo siye," Likwata akasema.

"Mbwa wangu unanifundisha wewe?"

Waliotambua kwamba siye wakatazama chini, maana wengi wao walikuwa wameshaahidiwa watoto wa mbwa. Skolastika, mgeni wa watu, akapitisha pamba mdomoni mwa yule jike. Abdulrahmani akanawa mikono mara saba, moja kwa udongo, hadharani. Najisi ya mate ikatoka. Uongo ukabaki.

Baada ya miezi minane ikaja barua: jike hana kasoro, na kipofu wa Likwata si mtoto wake. Abdulrahmani akaibandika mlangoni kama hirizi.

"Utaalamu umesema," akatamba. "Upofu ni wa kwa Likwata."

Watu wakagombania watoto wa mbwa wake. Hata mkwewe Tawakali, mume wa binti yake Kibibi, akaja kuomba mmoja. Hapo Abdulrahmani angeweza kusema neno moja tu: usichukue. Lakini kumkataza mkwe ni kukiri, na barua ilikuwa mlangoni.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Hii ni mbegu safi."

Mbwa yule alipotimiza mwaka wa pili, alfajiri moja, upepo ukivuma kutoka nyuma yao, akapita hatua tatu tu kutoka kwa nguruwe dume bila kunusa wala kuona. Tawakali akamfuata, akiamini njia ni salama. Meno ya nguruwe yalimpasua paja, akakata roho kabla hajafikishwa barabarani.

Matangani, mbwa akajigonga kwenye pipa la maji, akarudi nyuma, akajigonga tena. Kibibi akatoka chumbani na kanga ya msiba kichwani.

"Baba, mbwa huyu haoni."

"Upofu hauna mwenyewe, mwanangu. Ni kudra ya Mungu."

"Mungu usimsingizie. Ulipompa mume wangu mbwa ulisema ni mbegu safi, ukaonyesha barua. Barua ile ilipima mate ya mbwa gani?"

Likwata alikuwa mkekani, na kinywa kilimjaa maneno ya zaidi ya miaka miwili. Akayameza. Wale waliotazama chini siku ile ya pamba walitazama chini tena, na safari hii kaburi bichi lilikuwa limewatangulia kusema.

"Nakuuliza tena, baba," Kibibi akasema. "Nimezika mume kwa mate ya mbwa gani?"

"Wa Rutamba," akajibu Abdulrahmani, na sauti yake haikufika hata ukingo wa mkeka. Lakini wote walisikia. Mficha maradhi, kilio humuumbua.