Parachichi la Tulinagwe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Na wewe mwenye hindi la kuchoma, tafuna taratibu, usinizibie sauti.

Hapo zamani za kale, huko milimani kwenye ukungu, aliishi Mzee Ambakisye na mkewe, Tulinagwe. Meno ya Tulinagwe yaling'oka yote, akawa mtu wa uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Ambakisye alimpenda mno, na jambo hilo lilimuuma. Siku moja msafiri akampa mbegu ya parachichi, mti wa ng'ambo. "Tunda lake laini," alisema, "halidai meno."

Ambakisye akaipanda, akaimwagilia, akaizungushia miiba mbuzi wasiifikie. Mwaka wa sita mti ukazaa. Kila asubuhi akawa anabonyeza tunda kwa kidole gumba.

"Bado?" Tulinagwe huuliza.

"Bado."

Msimu wa kwanza, bado. Wa pili, bado. Wa tatu, bado! Yaliyoanguka waliyawahi nguruwe mwitu, wakala kimya bila kumwambia mtu. Kima naye akacheka juu mtini: "Mzee, umepanda mawe!"

Ambakisye akapandwa na hasira. "Mti huu unamdhihaki mke wangu. Naukata!"

"Mume wangu, ngoja," Tulinagwe akamsihi. "Umeulea kwa ajili yangu. Acha niyachume, nikae nayo siku tano tu, kisha kata."

Ambakisye hakuwahi kumnyima kitu. Tulinagwe akayachuma, akayalaza kwenye kapu la pumba, akayafunika shuka kama mtoto mchanga.

Jamani! Ndizi walizivumbika kila wiki zipate kuiva, wazee hawa. Lakini kitu kigeni humpumbaza mtu, akasahau hata mambo ya jikoni kwake.

Siku ya tano, shoka likiwa begani, Ambakisye akasikia mchakacho ndani. Akafunua shuka. Kindi! Mdomo wote kijani.

"Mwizi we!"

"Nipige, babu, lakini nimalizie hili kwanza!"

Ambakisye akabonyeza tunda moja. Kidole kikazama. Shoka likamponyoka.

Akamlisha mkewe kwa kijiko, la kwanza, la pili, la tatu, wote wawili wakilia kwa furaha.

"Umeshiba?"

"Bado!" akajibu Tulinagwe. Kisha akampa mbegu. "Na hii kaipande."

"Ya nani tena?"

"Yako. Nimekuona siku hizi unatafunia upande mmoja."

Hadithi yangu imeishia hapo, na Kindi hajatoka kapuni.