Ufunguo wa Bi Tausi

Ufunguo mpe msimamizi, macho baki nayo. Mmeisikia leo harusini, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, tulieni, maana aliyeisema kwanza hakuwa akicheka. Methali hii ilianza hivi.

Bi Tausi wa Tabora alikuwa mjane mwenye nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Cha mbele alilala yeye na wajukuu wake wawili, vingine alipangisha. Mtu akiomba chumba, Bi Tausi hujifunga kanga akaenda mpaka nyumba alikotoka, kuulizia aliishije na wenzake. Watu walimwita mmbea. Hakujali.

Magoti yalipomchosha, alimkabidhi nyumba Kasimu, kijana wa mtaani, aisimamie. Mwezi haukuisha, Kasimu akaleta mpangaji aitwaye Ntandu.

"Mtu mstaarabu, Bi. Nimemhoji mwenyewe."

Bi Tausi alitamani kuuliza zaidi, akaona haya. Umempa mtu kazi, utamfuata nyuma tena?

Ntandu alikuwa na salamu nzuri, lakini dirisha lake halikufunguliwa hata siku moja. Kisha harufu ya petroli ikaanza kusikika ukumbini. Bi Tausi akaingiwa na hofu.

"Ni pikipiki yake tu, Bi," alisema Kasimu. "Usijipe presha."

Pikipiki yenyewe Bi Tausi hakuwahi kuiona. Asubuhi moja alimwachia Mama Pili, mpangaji wa chumba cha pili, wajukuu wake, akachukua mkongojo kwenda mtaa alikotoka Ntandu. Njiani mvua ikaanza.

Nyumba hakuikuta. Zilibaki kuta nyeusi na mabati yaliyojikunja.

"Ntandu?" jirani aliguna. "Alijaza madumu ya petroli chumbani, akiwauzia wenye bodaboda. Siku ya mvua mtu akawasha jiko ukumbini. Tulizika wawili."

Bi Tausi aligeuka pale pale. Kwake pia, mvua ikinyesha, watu hupikia ukumbini, na Mama Pili alikuwa amewaahidi watoto uji.

Alirudi akiteleza, akianguka, akiinuka. Kila kona aliogopa kuona moshi. Magoti yale mabovu sijui yalimfikishaje.

Alipofika mlangoni, Mama Pili alikuwa ameinamia jiko, kiberiti mkononi, watoto wamechuchumaa kando wakingoja.

"Usiwashe." Sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

"Bi, mbona umelowa hivyo?"

"Weka kiberiti chini, mwanangu. Watoe watoto nje."

Mlango wa chumba cha Ntandu ulipovunjwa, yalikutwa madumu kumi na moja. Moja lilikuwa linavuja, na petroli ilikuwa imeshafika kizingitini.

Kasimu alikuja mbio. Bi Tausi alikuwa amekaa barazani, wajukuu amewakumbatia, hataki kuwaachia.

"Ulikwenda alikotoka?"

"Nilimuuliza yeye, Bi. Akasema waliagana vizuri."

Bi Tausi akasema, "Nami sikukuuliza. Ufunguo nilikupa sawasawa, Kasimu. Macho ndiyo niliyokosea kukupa."

Ntandu aliondolewa siku ile ile, lakini Kasimu hakumfukuza. Ila tangu siku ile, mwombaji akija, Kasimu humpakia Bi Tausi kwenye baiskeli, wakaenda wote kuulizia. Mkiwa na nyumba zenu, wajukuu zangu, mkumbukeni bibi yule alivyokimbia mvuani: ufunguo mpe msimamizi, macho baki nayo.