Kipepeo Kilichokatwa Mwavulini

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura kupika uji, nasema zamani hii ya juzi, mume wangu alipokuwa bado na meno ya mbele, palikuwa na klabu ya dansi hapa Muheza. Klabu ile ilikuwa na sakafu ya mbao iliyopakwa nta, bendi ya watu saba, na rais. Rais wake alikuwa Bwana Mhando, mtu mfupi, tumbo mbele, na alipenda kuitwa rais hata na mke wake. Hilo nalijua, nilikuwa jirani yao ukuta kwa ukuta.

Basi Bwana Mhando alikuwa na sheria. Kila dansi la Idd, mwanamume haingii ila amevaa tai ya kipepeo. Na kipepeo chenyewe awe amekifunga kwa mkono wake. Vile vya lastiki, vilivyokuja vimeshashonwa tayari, marufuku. Mwaka mmoja lastiki ya bwana mmoja ilikatika katikati ya dansi, kipepeo kikaruka kikatua kwenye mdomo wa tarumbeta, na mpigaji alikuwa ndiyo kwanza anavuta pumzi. Wacha tu.

Tangu siku hiyo Bwana Mhando akawa anasimama mlangoni mwenyewe. Ukifika, anakusalimu vizuri, anakuuliza habari za nyumbani, halafu ghafla anashika bawa moja la kipepeo chako na kulivuta. Kisipofunguka, ni cha lastiki, rudi kwenu. Kikifunguka, anaanza kuhesabu. Ukikifunga upya kabla hajafika thelathini, ingia ndani. Kioo hakuna.

Sasa, Bwana Mhando alikuwa na binti, Sikudhani. Na Sikudhani alipendwa na kijana mmoja dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, Hemedi Sengasu. Kijana mzuri, mrefu, lakini vidole! Vidole kama mihogo ya kuchoma. Alipopeleka posa, Bwana Mhando alimtazama vidole vile akacheka.

"Kijana, mimi sikatai mtu. Njoo dansi la Idd. Ukiingia mlangoni kwangu, Sikudhani ni wako. Ukishindwa, usinitumie tena wazee wako, watachoka bure."

Hemedi akatoka pale kifua mbele. Hakuwahi kushika kipepeo tangu azaliwe.

Alhamisi akaenda sokoni akanunua kipepeo. Chekundu, cha mahameli, kinang'aa, na lastiki yake nyuma. Akakivaa palepale sokoni. Akapita nacho barabarani mpaka mbele ya nyumba ya Bi Mkunde, dobi. Bi Mkunde alikuwa anapiga pasi. Akamwona, akaweka pasi chini ili acheke vizuri.

"Hemedi mwanangu, unakwenda wapi na hicho?"

"Shikamoo, Bi Mkunde. Nakwenda nacho dansi la Idd."

"Marahaba. Kugawa soda?"

"Kwa nini kugawa soda?"

Bi Mkunde akamshika mkono akamwingiza ndani, akamwonyesha kamba ya nguo. Vipepeo vyekundu kumi vimeanikwa, vimepangana kama pilipili.

"Hivi vyote ni vya wahudumu wa klabu, nafua mimi. Vyeupe vile ni vya wapiga muziki. Wanachama na wageni wanavaa vyeusi. Ungeingia na hicho chekundu, baba mkwe wako angekupa sinia. Na lastiki hiyo nyuma? Angekuvuta kama manati."

Hemedi akakivua upesi kile chekundu. Akaushika mkono wa Bi Mkunde kwa mikono yake miwili.

"Bi Mkunde, umeniokoa. Wallahi nikimpata Sikudhani, mtoto wangu wa kwanza atabeba jina lako."

"Na akiwa wa kiume?"

"Basi la baba yako."

Bi Mkunde akautoa mkono wake taratibu. Baba yake, marehemu Mbaruku, alizaa mabinti watupu, na mabinti nao wakazaa mabinti. Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kuitwa Mbaruku tena. Akachukua pasi yake akaendelea, lakini shati alilokuwa anapiga akalipiga mara mbili.

Ijumaa Hemedi akaenda kwa Fundi Abedi, mshonaji. Akamwambia, nataka kipepeo cheusi, cha kufunga. Fundi Abedi akatikisa kichwa.

"Kitambaa cheusi cha kung'aa? Leo? Mji mzima umenunua kwa ajili ya Idd. Nimebakiwa na kaki na kitenge."

"Fundi, kesho kutwa ni Idd."

"Najua kalenda, baba."

Fundi Abedi akaangalia makabati, hakuna. Akaangalia chini ya cherehani, hakuna. Akainua macho. Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia mwavuli wake mweusi. Na nje ilikuwa masika, mvua ya kutoka asubuhi mpaka magharibi. Mwavuli ule ulinunuliwa na mkewe, Mungu amrehemu, na Fundi Abedi hakuruhusu hata mtu auazime kwenda chooni.

Akauteremsha. Akaufungua. Akauzungusha mara moja. Akachukua mkasi.

"Fundi, usifanye hivyo!" Hemedi akasema, lakini hakusogea kumzuia, nalisema kama lilivyokuwa.

Mkasi ukapita. Krrr. Siku ile ile jioni Fundi Abedi alirudi kwake akiwa ameshika fito tupu za mwavuli, mvua inampiga kichwani, na watu wanamwuliza, "Fundi, mwavuli umeuvua nguo?" Akashikwa na kikohozi cha wiki tatu. Mimi ndiye niliyempelekea tangawizi.

Hemedi alipoona mkasi umepita, mdomo ukamtoka tena. Mdomo wa Hemedi ulikuwa kama lile trekta lake, ukishawaka breki hakuna.

"Fundi Abedi, nikimpata Sikudhani, mtoto wangu wa kwanza ataitwa Abedi."

Fundi Abedi hakuwa na mtoto. Wala ndugu. Akainamisha kichwa kwenye cherehani, akashona kipepeo kile kwa mishono midogomidogo, ile anayoshonea nguo za maharusi.

Jumamosi Hemedi akakaa chumbani na kipepeo chake na kioo. Akakifunga, kikawa kama mkia wa mbuzi. Akakifungua. Akakifunga tena, kikawa kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Akafunga mara ya tatu, akajikaba, mama yake akaja kumfungua kwa kisu cha jikoni, nusura akikate. Ndipo akakimbilia kwa Mzee Chambo, fundi viatu.

Mzee Chambo hakuwahi kuingia klabu maisha yake yote. Kipepeo alikiona kwa mbali tu, shingoni mwa watu wanaomletea viatu kung'arishwa. Lakini alikishika, akakigeuza, akacheka kwa pua.

"Hii ni kamba ya kiatu, ila imevimba. Keti."

Hemedi akaketi.

"Usiweke shingoni. Shingoni huoni kitu, na kioo kinakudanganya mkono. Weka pajani."

Akakizungusha kipepeo kwenye paja la Hemedi. Upande huu juu, huu chini, pitisha, kunja, kumbatia, sukuma, vuta. Mara moja. Mara kumi. Mara arobaini. Paja likafa ganzi. Halafu, "Fumba macho." Mara kumi nyingine macho yamefumbwa. Wateja wa Mzee Chambo wakaondoka na viatu vyao vikiwa vimeachama, hawakupata gundi siku ile.

Hemedi alipofumbua macho, pajani pamekaa kipepeo, mabawa sawasawa, kama kinataka kuruka. Na mdomo je?

"Mzee Chambo, mtoto wangu wa kwanza ataitwa Chambo!"

"Sawa, mwanangu," Mzee Chambo akasema. "Mimi nina wajukuu kumi na wanne na hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu. Wanasema linanuka ngozi."

Idd ikafika. Mvua ikafika nayo. Hemedi akaenda klabu, suti ya kuazima, kipepeo shingoni. Alikifungia nyumbani pajani, akakilegeza kidogo, akakipitisha kichwani kama kofia. Mnaona? Shingoni hakuwahi kukifunga hata mara moja.

Bwana Mhando mlangoni. "Karibu, kijana. Habari za nyumbani?"

"Njema, Bwana Rais."

Bawa likavutwa. Kipepeo kikafunguka, ncha mbili zikaning'inia.

"Moja. Mbili. Tatu."

Hemedi akashika ncha. Mikono ikatafuta paja. Nawaapia, aliinua goti! Akainua goti moja pale mlangoni kama kuku anayelala, watu foleni nzima wakaangua kicheko. Akalishusha. Akajaribu shingoni. Huu juu, au huu chini?

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Ndani, nyuma ya mgongo wa baba yake, alisimama Sikudhani. Akaona Hemedi amepotea, hajui ncha ipi ipite wapi. Akavuta utepe kutoka kwenye nywele zake, nywele alizokesha kusukwa, zikamwagika upande mmoja. Akauzungusha ule utepe shingoni mwake, kama alivyomwona baba yake akifunga kipepeo tangu utotoni, akamkazia macho Hemedi. Yeye akapeleka mkono, Hemedi akapeleka mkono. Yeye akapitisha, Hemedi akapitisha. Yeye akakunja, Hemedi akakunja. Taratibu, kama wanacheza, mmoja ndani na mwingine nje, na mzee katikati anahesabu.

"Ishirini na saba. Ishirini na nane."

Vuta. Kikakaa. Kimeinama kidogo upande wa kushoto, lakini kimekaa.

Bwana Mhando akageuka nyuma, akamkuta binti yake ana utepe shingoni.

"Wewe, unaumwa koo?"

"Baridi tu, baba."

Akamgeukia Hemedi tena, akakigusa kile kipepeo. Matone ya mvua yakateleza juu yake yakadondoka, kitambaa kikabaki kikavu.

"Hariri gani hii hailowi?"

"Ni ya kigeni, Bwana Rais."

"Nilijua," akasema Bwana Mhando. "Ingia."

Wakaoana. Harusi ilikuwa ya watu wengi na nyama kidogo, lakini hayo nimeyasamehe. Mwaka haujaisha, Sikudhani akajifungua mtoto wa kiume. Mmoja tu. Ndipo Hemedi akakumbuka kuwa mtoto huyo mmoja ana majina matatu.

Siku ya saba watu tukakusanyika. Mbuzi amechinjwa, shehe amempakata mtoto, anauliza, "Haya, anaitwa nani?" Baba yake Hemedi, ambaye kwa desturi jina lilikuwa lake, alishasema zamani kwamba yeye ameachia, mwanawe amalizane na mdomo wake. Hemedi akaangalia mkeka.

Bi Mkunde akasimama. "Anaitwa Mbaruku. Bila mimi huyu baba yake angekuwa mpaka leo anazunguka na sinia la soda. Kipepeo kizuri cha rangi ya makosa kingemfaa nini? Na mimi niliahidiwa wa kwanza, hawa wengine wamekuta nimeshakaa."

Fundi Abedi akakohoa. "Anaitwa Abedi. Bila mimi mngejua rangi, halafu mngefunga nini? Maneno ya Bi Mkunde shingoni? Wengine hapa walitoa vitu ambavyo bado wanavyo. Mzee Chambo amebaki na ujuzi wake, dobi amebaki na kamba yake. Mimi mwavuli wa marehemu sinao."

Mzee Chambo akacheka kwa pua. "Anaitwa Chambo. Bila mimi mngekuwa na kitambaa cheusi kizuri cha kufutia jasho. Mlango ule haukuuliza rangi wala haukuuliza hariri. Uliuliza, unaweza kufunga?"

"Na alipoulizwa," ikasema sauti kutoka chumbani, "alijibu kwa goti!"

Sikudhani akatoka, kanga mbili, uso umechoka, macho makali.

"Shikamooni, wazee wangu. Mzee Chambo, ulimfundisha paja, mlangoni ilitakiwa shingo. Bila mimi angefika thelathini akiwa na mguu juu. Na huyu mtoto, miezi tisa, nani kati yenu alimbeba hata kwenda dukani? Mimi tangu msichana nilitaka mwanangu aitwe Twalibu."

"Lakini wewe hukuahidiwa," akasema Bi Mkunde.

"Ndiyo. Mimi pekee sikuahidiwa kitu, na nikafanya."

Fundi Abedi akakunja kofia yake mkononi, akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Bi Mkunde ana wajukuu. Chambo ana wajukuu. Sikudhani, mama, wewe utazaa wengine."

"Na akizaa mabinti watupu, kama kwetu?" akauliza Bi Mkunde.

Hapo Bwana Mhando, aliyekuwa anatafuna ini la mbuzi pembeni, akaacha kutafuna. "Ngojeni kwanza. Ulikuwa mwavuli?"

Wote walikuwa wanamtazama Hemedi, na Hemedi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakufungua mdomo. Mtoto akaanza kulia. Shehe ameshainama, midomo yake imeshafika kwenye kijisikio kile, amevuta pumzi, anangoja.

Haya, ninyi mlioketi mkinilia machungwa yangu tangu nianze, shehe hawezi kukaa ameinama mpaka kesho, mgongo wake naujua. Yupi alistahili jina la mtoto yule: aliyejua rangi, aliyekata mwavuli, aliyefundisha paja, au aliyefungua nywele zake?